Bati Kwanza, Injini Baadaye: Ninavyoikagua MGB ya Kufufua

Mtu akinipigia simu kuniambia kwamba amepata MGB, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, ya kukarabati na kwamba injini yake inawaka bila taabu, ninamshukuru kwa habari hiyo, lakini kwa kweli bado hajaniambia jambo la kunisaidia kukadiria thamani ya gari lenyewe. Injini ya MGB ni chuma kizito cha silinda nne, cc 1,798, kisicho na ufundi wa kuficha, na spea zake zinapatikana Uingereza kwa urahisi kuliko spea za magari mengi yaliyoundwa miaka thelathini baada yake. Fundi mwenye subira na winchi ya gereji huitoa, akaifungua, akaipima na kuirudisha bila miujiza yoyote. Kinachoamua iwapo gari hilo ni mradi au ni shimo la kufukia akiba ya mtu ni bati lililo chini ya milango, na bati hilo halionekani kwa mtu aliyesimama wima.

Nasema hivyo nikiwa fundi bodi. Kazi ya kunyoosha na kuchomelea bati nilijifunza Mombasa, katika gereji ambayo riziki yake kubwa ilitokana na Peugeot 504 zilizoliwa na hewa ya bahari, kisha nikahamia eneo la Midlands nchini Uingereza, ambako nilikuta adui ni yule yule. Hapa chumvi haitoki baharini, bali humwagwa barabarani kila majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, na kila gari hujirushia chumvi hiyo tumboni kwa magurudumu yake lenyewe. Gari lililoendeshwa mfululizo kwa majira kumi ya namna hiyo, kisha likaegeshwa likiwa halijaoshwa, linaendelea kulika hata kama halitembei.

MGB ilizinduliwa mwaka 1962 na ikaundwa katika kiwanda cha Abingdon hadi Oktoba 1980, na jumla ya zilizotoka humo, za wazi pamoja na GT zenye paa, inazidi nusu milioni. Wingi huo ndio unaofanya spea ziwepo hadi leo, na ndio unaowadanganya wanunuzi wadhani kwamba kila MGB inafaa kufufuliwa. Mtangulizi wake, MGA, ilikuwa na chasisi ya peke yake, na bodi ilipachikwa juu. Ndivyo zilivyo pia Triumph Spitfire na TR6 za wakati huo. Syd Enever na Don Hayter, walioongoza usanifu wa MGB, waliiacha njia hiyo, wakaifanya bodi yenyewe iwe ndiyo chasisi, na kwa hiyo wakapata gari lenye nafasi kubwa zaidi ndani. Lakini gari la wazi halina paa la kuisaidia bodi. Kazi ya kuunganisha mbele na nyuma inabaki kwa vizingiti viwili vya milango na handaki la katikati linalopitisha propela shafti. Wanaozijua nyumba za mawe za Mji wa Kale watanielewa: chokaa ya ukutani inaweza kuwa mpya na nyeupe, lakini mnunuzi mwenye akili huuliza kwanza hali ya boriti.

Shemeji yangu, anayeishi Leicester, alistaafu akiwa na hamu ya gari hilo tangu ujana wake Nairobi, ambako mwalimu mmoja wa chuoni kwao alikuwa akija kazini na MGB ya rangi ya krimu. Aliponiomba niandamane naye kwenda kuyatazama magari mawili aliyokuwa ameyachagua, nilimuuliza mambo ambayo humuuliza kila mtu kabla sijawasha tochi: je, anataka gari la kuendesha au kazi ya kufanya, ana mahali pakavu penye umeme, na fedha zake ni za mara moja au zitatoka kidogo kidogo? Majibu ya maswali haya hubadilisha ukaguzi mzima. Mtu anayetaka kuendesha msimu ujao anafaa kununua gari lililokwisha kukarabatiwa na mwingine, kwa kuwa aliyekarabati hapati kurudishiwa gharama zake zote anapouza. Mtu anayetaka kazi anafaa kutafuta gari lenye ugonjwa unaojulikana.

"Mimi, shemeji, nataka kazi ya mikono," alinijibu, "ila siku moja nimpeleke dada yako baharini nalo. Sasa hapo wewe ndiye daktari."

Gari la kwanza lilikuwa jekundu, limepakwa rangi upya, limewekwa ringi za spoki mpya na viti vya ngozi, likiuzwa na mfanyabiashara mmoja ambaye alikuwa ameliwasha kabla hatujafika. Hilo la kuwasha mapema huwa silipendi, kwa sababu injini iliyopoa ndiyo inayosema ukweli kuhusu moshi na milio ya mnyororo wa taimingi, lakini sikulalamika. Nilisimama hatua chache kutoka ubavuni nikatazama mapengo ya mlango. Katika MGB nzima, pengo kati ya mlango na mudgadi wa nyuma huwa na upana unaokaribiana kutoka juu hadi chini. Bodi ikilegea katikati, pengo hilo huwa jembamba juu na pana chini, kwa kuwa gari linajikunja mahali pa mlango. Katika gari lile jekundu mapengo yalikuwa yamenyooka, tena yamenyooka kupita kiasi, na ukingo wa mlango ulionekana mnene kuliko bati lilivyo. Mtu alikuwa ameyajengea mapengo kwa puti.

Nilitoa sumaku ndogo niliyoifunika kwa kitambaa laini ili isikwaruze rangi, nikaipitisha taratibu chini ya milango na kwenye pembe za mudgadi. Sumaku hushika bati, haishiki puti, na fundi huhisi kwa vidole mahali mvuto unapolegea. Shemeji alishtuka alipoiona ikikataa kabisa kushika kwenye boneti, nikamtuliza: boneti za MGB za miaka ya mwanzo, takriban hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, zilitengenezwa kwa alumini, na katika gari la 1966 kama lile boneti isiyoshika sumaku ni habari njema. Chini ya mlango wa kulia, sumaku iliteleza kama iko juu ya kioo, na hiyo haikuwa alumini.

Hapa inanibidi nieleze kizingiti cha MGB kilivyo, maana hapo ndipo fedha za watu wengi hupotelea. Kinachoonekana nje ni bati moja lililopinda, nalo mtu hudhani ndilo kizingiti. Nyuma yake kuna bati la pili lililosimama wima katikati, halafu kuna la tatu upande wa ndani linaloungana na sakafu, na chini ya yote hayo hupita reli ndefu yenye mikunjo ya meno meno inayoyafunga pamoja. Meno hayo yana kazi: nafasi zilizo kati yake huruhusu maji yaliyoingia ndani yatoke. Mwenye gari anapopaka chini lami nzito ya kuzuia kutu bila kuangalia, anaziba nafasi hizo, maji yanabaki ndani, na kinga yenyewe inageuka kuwa mlezi wa kutu. Bati la nje, la kati, la ndani na reli ya chini vikiwa vizima, vinafanya sanduku lenye nguvu kubwa. Likitolewa la kati, kinachobaki ni pambo.

Tatizo ni kwamba kubadilisha sanduku hilo ipasavyo ni kazi ndefu. Kizingiti hupita nyuma ya sehemu ya chini ya mudgadi wa mbele na pia nyuma ya sehemu ya chini ya mudgadi wa nyuma. Ule wa mbele umefungwa kwa bolti na unaweza kutolewa, ijapokuwa bolti zake nyingi hukatika badala ya kufunguka. Ule wa nyuma umechomelewa, kwa hiyo lazima ukatwe kipande na kurudishiwa. Anayetaka kuuza haraka haruki vikwazo hivyo. Anakata bati jipya la nje kati ya mudgadi na mudgadi, analichomelea juu ya lililooza, anapaka puti, anapaka rangi. Ukitazama kwa makini utagundua, kwa sababu kiwanda kiliacha mstari wa maungio uonekane mahali kizingiti kinapokutana na mudgadi, na fundi wa haraka huufunika mstari huo, akidhani anapendezesha.

Katika gari jekundu mstari haukuwepo upande wowote. Niliomba ruhusa ya kuliinua kwa jeki kwenye sehemu yake ya kuinulia, upande wa kulia, huku shemeji akiushika mlango ukiwa umefunguliwa nusu. Gari lenye vizingiti vizima huinuka lote kwa pamoja, na mlango hufungika kama ulivyofungika likiwa chini. Lile lilianza kwa mlio mdogo wa bati linalosugua bati, na tulipojaribu kufunga mlango, kitasa kilikuwa kimehama mahali pake. Tulilishusha mara moja, kwa heshima ya gari na ya mwenyewe. Baadaye nilifunua zulia la miguuni na kupitisha kamera ndogo ya waya kwenye tundu lililokuwa upande wa ndani. Kwenye simu tuliona bati la kati likiwa limebaki vipande vinavyofanana na majani makavu, na nyuma yake bati jipya linalong'aa halijapakwa hata praima. Bati jipya lisilo na kinga upande wa ndani litaanza kuoza kabla rangi ya nje haijachakaa.

Mfanyabiashara alitujibu kwamba gari la umri ule halihitaji tena kufanyiwa ukaguzi wa kila mwaka. Hilo ni kweli kisheria: tangu Mei 2018, magari mengi ya Uingereza yaliyotimiza miaka 40 yamesamehewa ukaguzi huo, mradi hayajabadilishwa kwa kiasi kikubwa. Lakini msamaha huo haumwondolei mwenye gari wajibu wa kuhakikisha kwamba ni salama barabarani, na haufuti kumbukumbu za zamani. Mtu yeyote mwenye namba ya usajili anaweza kusoma mtandaoni matokeo ya ukaguzi wa miaka iliyopita. Ya gari lile yalikuwa na maonyo yanayojirudia kuhusu kutu karibu na sehemu za kufungia springi, kisha kukawa kimya, kisha likatokea tangazo la kuuza. Mimi husoma kumbukumbu hizo kabla ya kuondoka nyumbani, na mara nyingi zimenipunguzia safari.

Jambo la kuchekesha ni kwamba injini ya gari lile ilikuwa safi. Geji ya presha ya oili ilisimama karibu na 60 psi injini ikiwa imepata moto na ikizunguka kwa kasi ya safari, ambapo kitabu cha gari kinataka kati ya 50 na 80, moshi haukuwepo, ovadraivu, ile gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini safarini, ilishika na kuachia kwenye gia ya tatu na ya nne bila kusitasita. Shemeji alipenda sana sauti yake, na sikumlaumu. Lakini injini nzuri ndani ya bodi ile ilikuwa spea nzuri iliyohifadhiwa mahali pabaya.

Gari la pili lilikuwa katika banda la shamba huko Worcestershire, nalo liliuzwa na watoto wa marehemu mwenye gari, ambao hawakuwa na haja nalo ila walitaka banda liwe wazi. Lilikuwa la 1968, rangi ya kijani iliyofifia, matairi yamelala, panya wamezaa kwenye kiti cha abiria, na bei yake haikufika theluthi ya lile jekundu. Kutoka mlangoni mwa banda niliona matundu kwenye vizingiti vyote viwili, na ukiweka tochi upande mmoja mwanga ulitokea upande mwingine. Shemeji alinitazama kwa uso wa mtu aliyeletwa mahali pasipofaa.

Nikamwambia asubiri. Matundu yale yalikuwa yamefunguliwa na kutu yenyewe, na hakuna mtu aliyekuwa amejaribu kuyaficha. Kando yake zilionekana bado alama za duara za kuchomelea za kiwandani, zikiwa zimepangwa kwa umbali unaolingana, maana yake ni kwamba lile lilikuwa bati la kiwandani na kila kipande kilikuwa mahali kilipowekwa. Bodi iliyooza ikiwa katika umbo lake ni kazi ya kukata na kuunganisha. Bodi iliyochomelewa na mtu ikiwa imelegea ni kazi ya kwanza kubomoa makosa yake, kisha kutafuta umbo la awali lilikuwaje, na ndipo ukarabati uanze. Hiyo ya pili sijui kuikadiria, na sijakutana na fundi anayejua.

Nililala chini ya gari nikiwa na bisibisi butu, nikibonyeza kila mahali ninapojua kwamba MGB huoza. Visanduku vya betri nyuma ya viti, ambavyo katika magari ya miaka hiyo hubeba betri mbili za volti 6, vilikuwa vimekwisha. Asidi iliyomwagika husaidiana na maji, na nilitarajia hivyo. Sakafu ilikuwa imetoboka kwenye kingo za mbele. Bati la ndani ya mudgadi wa mbele, linalopaswa kuzuia tope la gurudumu lisipite nyuma, lilikuwa limeanguka upande mmoja, na tope kavu la miaka mingi lilijaa pale ambapo nguzo ya mlango inakutana na kizingiti. Kisha nikafika kwenye mahali nilipokuwa na hofu napo zaidi. Sehemu za kufungia springi za nyuma zilikuwa nzima. Ukuta kati ya injini na abiria ulikuwa mzima, pamoja na eneo lililo chini ya kioo cha mbele, na hapo ndipo nilipoanza kutabasamu, kwa sababu uozo wa hapo ukipatikana unadai kutolewa dashibodi yote na fremu ya kioo, ambayo bolti zake huwa zimeshikana kiasi cha kumkatisha mtu tamaa. Milango yote miwili ilikuwa na ufa mwembamba unaoshuka kutoka kwenye pembe ya kioo kidogo cha mbele, kilema ambacho karibu kila MGB iliyozeeka inacho, nao nikauandika bila kuupa uzito.

Injini haikuzunguka. Kwa mnunuzi wa kawaida habari hiyo ingetosha kumrudisha nyumbani. Tulitoa plagi, tukamimina mafuta membamba ya kulainisha katika kila silinda, tukaenda kula, na tuliporudi tulitia spana kwenye nati ya krenki shafti tukaisukuma huku na huku bila kutumia nguvu nyingi, hadi ikakubali kugeuka. Kugeuka si kuwaka, lakini kulitosha kuonyesha kwamba pistoni hazikuwa zimeshikana na kuta za silinda kwa kutu isiyoachia. Namba iliyokuwa kwenye injini ilianza na 18V, ambayo ilianza kutumika mwaka 1971, kwa hiyo haikuwa injini ya awali ya gari lile. Kwa mtu anayetafuta gari la maonyesho, hilo lingepunguza thamani. Kwa shemeji lilikuwa jambo la kuandikwa kwenye karatasi na kuendelea mbele, kwa kuwa ni injini ya ukoo ule ule na ukubwa ule ule.

Klachi na giaboksi hatukuweza kuvijaribu. Katika MGB klachi haibadilishwi bila kutoa injini, kwa hiyo kwenye hesabu niliiweka kama iliyokwisha, kwa kuwa injini ingetoka kwa vyovyote. Breki nazo niliziandika zote upya, kuanzia mabomba hadi silinda za magurudumu, na sidhani kama kuna haja ya kujadili breki zilizolala kwa miongo miwili. Pini za mhimili wa usukani wa mbele, zinazodai kupakwa grisi mara kwa mara na ambazo wenye magari wengi huzisahau, zilikuwa na mchezo ulioonekana nilipolitikisa gurudumu kwa kulishika juu na chini. Ringi zilikuwa za spoki. Niligonga kila spoki kwa spana ndogo, na nyingi zilitoa mlio, chache zikakaa kimya, ishara kwamba zimelegea. Lakini meno ya ndani yanayoshika ekseli, ambayo yakisagika huwa makali kama msumeno, yalikuwa bado mapana. Nyaya za umeme zilikuwa na viraka vya rangi zisizojuana. Vifaa vya Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, vimesemwa vibaya kwa miaka mingi, na baadhi ya lawama vinastahili, ila hitilafu nyingi nilizozitatua katika magari haya zilikuwa za maungio yaliyoota kutu.

Kilichonipa moyo zaidi kuliko yote hayo ni kwamba gari lilikuwa kamili. Grili ya kromu ilikuwepo, fremu za vioo vidogo zilikuwepo, fremu ya hudi, yaani paa la kitambaa, ilikuwa imefungwa nyuma ya viti, swichi ya ovadraivu ilikuwa mahali pake, na hata kofia za nati za magurudumu zilikuwa zimefungwa kwenye gazeti ndani ya buti. Spea za MGB zipo, lakini mamia ya vitu vidogo vinavyokosekana, kila kimoja kikiwa na bei ndogo, hujumlishwa na kuwa bei kubwa, tena baadhi ya vipande vipya havikai sawasawa kama vya zamani. Kwa sababu hiyo huwa nakwepa gari lililokwisha kufunguliwa na kuwekwa ndani ya maboksi, hata likiwa na bati safi. Muuzaji husema kwamba kila kitu kimo, naye huenda anaamini hivyo, ila hakuna njia ya kuhakikisha bila kuliunga gari zima.

Karatasi zilikuwa pungufu kidogo kuliko gari. Kadi ya usajili ilikuwepo kwa jina la marehemu, na namba ya chasisi ilianza na GHN4, kama inavyopaswa kuwa kwa gari la wazi la mwaka ule. Nilimshauri shemeji aombe cheti kutoka kumbukumbu za British Motor Museum kule Gaydon, ambazo zina taarifa za kiwandani: tarehe gari lilipoundwa, rangi yake ya kwanza, namba ya injini ya awali na soko lilikopelekwa. Suala la soko si la mapambo. Magari mengi yaliyouzwa Marekani yamerudishwa Uingereza na kugeuzwa usukani, na baadhi yaliishi katika majimbo makavu yasiyo na chumvi barabarani. Gari la namna hiyo lenye rangi iliyochomwa na jua na dashibodi iliyopasuka linaweza kuwa na vizingiti bora kuliko la hapa lililotunzwa kwa upendo.

Tulipofika kwenye hesabu nilianza na namba moja ambayo huiweka juu ya karatasi kabla ya nyingine zote. Tangu mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage, ambayo sasa iko Witney, imekuwa ikitengeneza bodi nzima mpya za MGB kwa kutumia sehemu kubwa ya mitambo ya awali, na bodi moja inagharimu zaidi ya paundi 10,000 kabla ya kupakwa rangi. Hiyo ndiyo dari. Makadirio ya kukarabati bodi ya zamani yakiikaribia, basi unachokinunua kwenye gari bovu ni kadi, injini na vifaa vya kromu, na bei ya gari inapaswa kushuka hadi thamani ya vitu hivyo. Kwa gari jekundu nilihesabu kazi ya kubomoa, kazi ya kujenga na rangi mpya juu ya rangi mpya, na nikaivuka dari hiyo nikiwa bado sijaongeza bei aliyokuwa anaitaka mwenye gari. Kwa gari la kijani, mabati ya pande zote mbili, sakafu, visanduku vya betri na sehemu za chini za mudgadi vilikuwa na bei ya kustahimilika. Ghali ni saa za kazi, na saa hizo zingekuwa zangu na za shemeji. Juu ya jumla niliongeza theluthi moja kwa ajili ya yale yatakayoonekana baada ya msumeno kupita. Niliongeza pia valvu na viti vyake vigumu kwenye silinda hedi, kwa kuwa petroli yenye risasi, iliyokuwa ikivilinda viti vya zamani, ilikoma kuuzwa kwa kawaida Uingereza mwanzoni mwa mwaka 2000, na mipira mipya ya kupitisha mafuta inayostahimili ethanoli, kwa kuwa petroli ya kawaida ya hapa tangu Septemba 2021 inaweza kuwa na ethanoli hadi asilimia 10.

Sikupenda kuwapunguzia bei wale watoto kwa kulidharau gari la baba yao. Niliwasomea orodha yote kama nilivyoiandika, mazuri pamoja na mabaya, nikawaonyesha mwanga unavyopita kwenye kizingiti, na nikawaambia pia kwamba ukuta wa mbele na sehemu za springi ni vitu ambavyo wanunuzi wengine wangevilipia. Walishusha bei, ingawa si hadi tulipotaka, na shemeji akaongeza kidogo ili gari litoke na maboksi mawili ya spea za zamani zilizokuwa rafuni. Gari jekundu, nilisikia, liliuzwa muda mfupi baadaye.

Kabla ya kukata chochote tuliweka vyuma vya kushikilia kwenye nafasi za milango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, tukavifunga na kupima tena mapengo, kwa sababu ukikata kizingiti cha gari la wazi bila kulishikilia, unalichomelea likiwa limejikunja na hutaligundua kosa hadi siku ya kufunga milango. Tunakwenda upande mmoja mmoja. Upande wa kushoto umekamilika, umepakwa praima ndani na kumiminiwa nta ya kuzuia kutu, na theluthi niliyoiongeza imetumika karibu yote kwenye nguzo ya mlango ambayo tope lilikuwa limeila zaidi ya nilivyofikia na bisibisi. Shemeji amenunua mashine yake mwenyewe ya kuchomelea na anafanya mazoezi kwa vipande vya bati lililotolewa. Sakafu nimemruhusu aanze kuichomelea mwezi huu. Kizingiti cha kulia bado namkatalia.